Ulikuwa Unawaambia Watu Nini?

Binti ya mama yangu mdogo alifika kwangu Zimmerman, Nairobi, Jumapili moja jioni, Oktoba 2025, begi moja mgongoni na jingine akiliburuta kwa gurudumu moja lililosalia. Mgomo wa wahadhiri ulikuwa umeshaingia mwezi wa pili. Alikuwa amerudisha ufunguo wa chumba alichopanga na wenzake Kahawa Wendani, maana hakuona sababu ya kulipa kodi ya mwezi mwingine ili alale tu. Kesho yake usiku angepanda basi la Kitale.

Nilikuwa jikoni nasukuma chapati. Akaja akaegemea mlango, akanitazama kwa muda, kisha akauliza:

"Dada, wewe ulipokaa nje ya chuo, ulikuwa unawaambia watu nini?"

Hakuuliza nilikula nini wala nauli nilipata wapi. Hakuuliza mgomo utaisha lini. Alichoogopa ni stendi ya Kitale asubuhi, jirani wa kwanza atakayemwona na mabegi, na lile swali analolijua kila mtu aliyewahi kukwama chuoni: utamaliza lini?

Nilimwambia watu husahau. Akaitikia kwa adabu, tukala, tukalala.

Lakini hilo halikuwa jibu, na nilijua. Kwa wiki nyingi swali lake limekuwa likinirudia ndani ya matatu ya 44 asubuhi, nikiwa kazini, hata kanisani.

## Tuliotangazwa kuwa tumefika

Mimi ni wa KCSE ya 2016, mtihani wa kumaliza sekondari. Wa rika langu hawahitaji kukumbushwa Desemba ile: Waziri wa Elimu Fred Matiang'i akisoma matokeo kabla hata mwaka haujaisha, gredi za A zikiwa 141 nchi nzima, ilhali mwaka uliotangulia zilikuwa zaidi ya 2,600. Tuliopata C+ kwenda juu, alama ya kuingia chuo kikuu, tulikuwa 88,929. Kwetu walichinja. Mchungaji alinisimamisha mbele ya waumini. Hakuna aliyesema nimeanza safari, walisema nimefika.

Nadhani aibu hupandwa hapo, kabla mtu hajaripoti chuoni. Ukishatangazwa kuwa umefika, kila siku utakayokaa njiani baadaye itaonekana kama umerudi nyuma.

Nilijiunga Septemba 2017. Machi 2018, kabla sijamaliza mwaka wa kwanza, wahadhiri wakagoma, na mgomo ukaendelea hadi Mei. Nikarudi nyumbani. Ule haukuniuma. Tulikuwa wengi, magazeti yaliandika, na baba alimweleza kila aliyepita kwamba walimu wetu wanadai haki yao. Mimi sikuhitaji kusema lolote.

Kuna jambo nimeliona nikiandaa makala haya, nalo limenikasirisha. Mgomo ule wa 2018 ulihusu mkataba wa pamoja wa wahadhiri wa miaka ya 2017 hadi 2021. Mgomo wa 2025, ulioanza tarehe 17 Septemba ukamalizika tarehe 5 Novemba, ulidai shilingi bilioni 7.9 zilizosalia katika mkataba huohuo. Mwaka 2018 mdogo wangu yule alikuwa bado yuko shule ya msingi. Jambo lililonirudisha mimi nyumbani nikiwa mwaka wa kwanza limemrudisha yeye nyumbani akiwa mwaka wa tatu.

Kwa hiyo anayemuuliza kwa nini amechelewa, jibu la kweli lilianza kabla hajavaa sare ya sekondari.

## Barua

Kilichoniuma kilikuja 2019. Mama aliugua, na mimi ndiye kifungua mimba. Ada ya masomo yenyewe haikuwa mlima: kwa sisi tuliofadhiliwa na serikali ilikuwa shilingi 16,000 kwa mwaka, na mkopo wa HELB, bodi ya serikali ya mikopo ya wanafunzi, uliweza kuibeba. Kilichoshindikana ni mengine yote. Chumba, chakula, nauli, na sasa dawa, pamoja na wadogo wangu wawili waliokuwa bado shuleni. Nikaamua kuondoka.

Nilikuwa naondoka kama wengi wanavyoondoka, kimyakimya. Wiki ya kwanza simu yako inapigwa, wiki ya pili haipigwi. Halafu siku moja, katika kundi la WhatsApp la darasa, kunatokea mstari mdogo wa kijivu kwamba fulani ameondoka, na mazungumzo yanaendelea chini yake.

Aliyenizuia ni kiongozi wa darasa letu, kijana mpole wa Makueni ambaye hatukuwa hata na mazoea. Alinikuta nje ya bweni na mizigo yangu. "Ondoka," akaniambia, "lakini usiondoke bila barua." Akanipeleka mwenyewe hadi kwa katibu wa idara. Tukaandika ombi la kuahirisha masomo kwa mwaka mmoja, tukaambatisha barua ya hospitali, nakala mbili. Nakala yangu ikapigwa muhuri wa tarehe ile. Idhini ilitoka kwa msajili baadaye, tena baada ya kufuatwa sana, na aliyeifuata ni yeye.

Barua hiyo ndiyo iliyonirudisha. Kila chuo kina kanuni zake, lakini zile nilizozisoma zinafanana katika hili: aliyeahirisha kwa idhini bado ni mwanafunzi, na aliyetoweka huhesabiwa kuwa ameacha masomo. Ofisi haijui kwamba mama yako anaumwa. Inajua tu kama kuna karatasi kwenye faili au hakuna.

Kuna mwenzetu mwingine, tuliyezoea kuketi naye safu moja, aliyeondoka muhula huohuo kwa sababu zisizo mbali na zangu. Hakuandika. Aliniambia baadaye kwamba hakuweza kusimama mbele ya katibu na kutamka kwa mdomo wake kuwa kwao hakuna kitu. Aliporudi miaka miwili baadaye, jina lake halikuwa kwenye orodha, akaambiwa aombe upya, aanze mwaka wa kwanza. Sasa anaendesha boda kule Mwiki. Ana mke na watoto, ana wateja wanaomwamini kwa pesa na vifurushi vyao, na hangependa kuhurumiwa na mtu. Lakini nikijiuliza tulitofautiana wapi mwaka ule, sioni akili wala bidii. Naona tu kwamba mimi nilipata mtu wa kunishika mkono hadi ofisini.

## Dukani

Mwaka ule niliokuwa nje nilifanya kazi katika duka la kuchapisha, karibu na Thika Road, ambako wanafunzi huleta kazi zao. Kuchapa, fotokopi, kujalidi. Nilipokea tasnifu na ripoti za miradi, nikapanga kurasa, nikazivalisha jalada gumu lenye herufi za dhahabu: jina, shahada, mwaka.

Kila jalada lilikuwa na mwaka, na kila mwaka nilioubandika ulikuwa wa mtu mwingine.

Wateja wakiuliza kama nasoma, nilisema niko kazini. Ilikuwa kweli, na ilitosha kufunga mazungumzo. Hadi siku moja mama mwenye duka alinisikia, akainua kichwa kutoka kwenye daftari lake la madeni, akamwambia mteja: "Huyu ni mwanafunzi. Ameahirisha, mwaka ujao anarudi." Alilisema kwa sauti ileile anayotajia bei ya fotokopi.

Nilitamani ardhi ipasuke. Mteja akasema sawa, akalipa. Kisha, akiwa anangoja chenji, akaanza kusimulia yake: shahada ya uzamili, msimamizi wake alihamia nchi nyingine katikati ya utafiti, akapewa msimamizi mpya aliyetaka sura ya pili iandikwe upya yote.

Tangu siku hiyo nilianza kuuliza, na watu walinijibu. Mmoja alinyakuliwa laptopu karibu na mzunguko wa Globe, na ndani yake mlikuwa na nakala pekee ya kazi yake. Mwingine alijifungua wiki ya mitihani. Mwingine alikuwa askari wa usiku Industrial Area, akija darasani na macho mekundu, na alikuwa ameanza chuo wakati mimi nikiwa kidato cha pili. Mzee mmoja wa makamo, mwalimu wa shule ya msingi, alikuja kujalidi ripoti ya shahada yake ya kwanza pamoja na binti yake aliyekuwa na ripoti ya shahada yake ya kwanza.

Nilikuwa nikiyaona majalada yale kama ushahidi kwamba wenzangu wanapita na mimi nimebaki. Kumbe sehemu kubwa ya kazi iliyopita mikononi mwangu ilikuwa imechelewa. Jalada halionyeshi hilo. Linaandikwa mwaka wa kumaliza tu.

## Mwezi ambao hakuna aliyeuliza

Jumapili ya tarehe 15 Machi 2020, Rais Uhuru Kenyatta alitangaza shule na vyuo vifungwe kwa sababu ya korona. Vyuo vikuu vilipewa hadi Ijumaa ya tarehe 20. Wiki ile duka lilijaa hadi barazani, kila mtu akitaka kuchapisha kitu cha kubeba nyumbani. Baada ya hapo pakawa kimya, mama mwenye duka akalifunga, nami nikarudi Kitale.

Kwa mara ya kwanza tangu niahirishe masomo, hakuna aliyeniuliza utamaliza lini.

Mtaa mzima ulikuwa na wanafunzi. Wa udaktari walikuwa wanachunga ng'ombe, wa sheria walikuwa wanapalilia mahindi. Nilipokwenda kisimani nilikutana na watu wa vyuo vitano, tukasimama tukaulizana habari za masomo ya mtandaoni na bei ya bando. Aibu yangu yote ikayeyuka, na nilishtuka jinsi ilivyoyeyuka haraka, maana hakuna kilichokuwa kimenyooka. Pesa zilikuwa zimepungua kuliko wakati wowote. Kazi ilikuwa imekwisha. Shahada ilikuwa imesogea mbali zaidi.

Nimeuzungusha mwezi ule kichwani mara nyingi. Kama kilichoniuma kingekuwa kuchelewa, basi ningeumia zaidi pale. Lakini mzigo ulipungua siku tuliyochelewa sote. Kumbe nilichokuwa nikibeba ni upweke wa kuchelewa peke yangu.

Mdogo wangu alipoondoka, nilimpigia simu mjomba, aliyekuwa mwanafunzi University of Nairobi mwaka 1982. Baada ya jaribio la mapinduzi la tarehe 1 Agosti, chuo kilifungwa kwa zaidi ya mwaka mmoja. Nikamuuliza swali nililoulizwa mimi: mlikuwa mnawaambia watu nini?

"Tuwaambie nini?" akasema. "Redio ilishasema. Chifu alikuwa na majina yetu, na tulikwenda kwake kuripoti."

Kulikuwa na woga, akanieleza, woga mwingi, lakini hakukuwa na mtu wa kumwonea haya. Kisha akanikanya nisiufanye wakati ule uonekane mtamu. Titus Adungosi, mwenyekiti wa chama cha wanafunzi cha SONU, alihukumiwa miaka kumi na akafia gerezani 1988. "Sisi tulichelewa," mjomba akasema. "Yeye hakurudi."

Sifananishi mateso. Ninachoona ni kwamba siku hizi ucheleweshaji mwingi unatujia mmoja mmoja. Mgomo ni wa wote, ndiyo, lakini ukiisha, mabaki yake hugawanywa. Huyu akaunti yake ya chuo imefungwa kwa salio la karo. Yule mkopo wake haujaingia na wa mwenzake umeingia. Mdogo wangu ni wa mfumo wa ufadhili uliotangazwa 2023, ule wa kuwapanga wanafunzi katika makundi kulingana na uhitaji, ambao Mahakama Kuu ilisema Desemba 2024 kuwa ni kinyume cha Katiba. Yeye na aliyekuwa akilala naye chumba kimoja waliwekwa makundi tofauti, wakadaiwa pesa tofauti kwa kozi ileile. Kila mmoja aliisoma habari yake kwenye simu yake, usiku, na hakumwonyesha mwenzake.

## Maksi

Nilirudi 2021, nikamaliza masomo 2022. Orodha ya watakaofuzu ilipobandikwa, jina langu halikuwapo. Maksi za kozi moja ya mwaka wa pili hazikuonekana.

Waliopitia hili wanajua mzunguko wenyewe. Idara inakutuma kwa mhadhiri. Mhadhiri alikuwa wa muda, mkataba wake uliisha, yuko kaunti nyingine. Unampata, anasema aliwasilisha. Unarudi idarani, unaelekezwa kwa afisa wa mitihani, ambaye anakuomba uthibitishe kwamba ulifanya mtihani. Nilikuwa na kadi yangu ya mtihani yenye sahihi ya msimamizi wa chumba, maana tangu ile barua ya 2019 nimekuwa mtu wa kutunza karatasi. Akaitazama, akasema naam, ni kweli ulifanya, na akaniambia nisubiri.

Hapa ndipo nilipokaribia kuacha kabisa. Mwaka 2019 nilijua ninachopigana nacho. Safari hii kila mtu alikubali kwamba nina haki, kwa upole, na hakuna kilichofanyika. Mahafali yakapita. Nikaanza kujiuliza kama shahada yenyewe inastahili. Nilikuwa na kazi ndogo mjini, hakuna aliyeniomba cheti, na kulikuwa na siku nilizohisi kwamba kuendelea kufuatilia ni kuudhalilisha utu wangu kwenye viti vya mapokezi.

Watu wazuri waliniambia kawia ufike. Waliniambia subira huvuta heri. Najua walinipenda. Lakini methali hizo zinamfaa aliyechagua mwendo wake, anayejua kwamba akienda polepole barabara bado iko chini ya miguu yake. Mtu aliyezuiwa mlangoni akiambiwa avute subira, anayenufaika ni aliyeufunga mlango.

Kilichonitoa pale ni swali nililoandika kwenye kundi la darasa ambalo kwa muda mrefu nilikuwa nasoma tu: kuna mwingine asiye na maksi za kozi hii?

Walijitokeza. Wawili kwanza, kisha wengine. Mmoja alikuwa ameshahamia Mombasa na kukata tamaa. Tulipolinganisha namba zetu za usajili tukaona zinafuatana. Tukaenda pamoja, na kadi zetu, na afisa yuleyule aliyekuwa ameniambia nisubiri alifungua faili, akaangalia orodha ya waliofanya mtihani, akaona kwamba ukurasa mmoja mzima haukuwahi kuingizwa kwenye mfumo.

Ukurasa mmoja. Sote tuliokuwa kwenye ukurasa ule tulikuwa tumeelezwa, kila mtu kwa wakati wake, kwamba tuna tatizo la kibinafsi.

Maksi ziliingizwa. Nilivaa joho katika mahafali yaliyofuata, na mama alikuwepo.

## Nilichomtumia mdogo wangu

Nimemtumia ujumbe wa sauti, mrefu kuliko anavyopenda. Nimemwambia awaambie watu mambo yote, tena mapema, kabla hawajauliza: tarehe mgomo ulipoanza, kiasi kinachodaiwa, mkataba ni wa miaka gani, yuko mwaka wa tatu na amebakiza nini. Nimemwambia amuulize aliyekuwa akilala naye chumba kimoja kama mkopo wake umeingia. Nimemwambia, ukifika wakati wa kuondoka, aondoke na barua yenye muhuri, na kama hawezi kwenda ofisini peke yake basi aniite, nitapanda matatu.

Na kuna jambo ninalolitaka kwa vyuo, silisemi kwa kunong'ona. Mwanafunzi asipoonekana muhula mmoja, apigiwe simu. Simu moja, kutoka idarani, kumuuliza yuko wapi na kumweleza fomu ya kuahirisha iko wapi. Maksi zikikosekana kwa mmoja, waangaliwe waliokuwa kwenye karatasi moja naye. Haya hayahitaji mabilioni.

Kwa sasa tunayafanya wenyewe. Yule mwenzetu wa Mwiki tulimrudisha kwenye kundi la darasa mwezi uliopita. Ilibainika kwamba bado ana nakala za matokeo ya miaka miwili aliyosoma, na kwamba kuna chuo kinachoweza kumpokea na kumhesabia baadhi ya kozi hizo, mradi apate transkripti rasmi. Chuo cha zamani kilitaka alipe salio kwanza. Darasa limechanga, salio limelipwa, na ombi lake liko kwa msajili. Kila Ijumaa mmoja wetu hupiga simu kuuliza limefika wapi. Wiki hii ni zamu yangu.